Jinsi Kona ya Nne Ilivyoingia Baa

Uwanja wa klabu ile haukuwa na jukwaa, haukuwa na uzio, wala haukuwa na nyasi za kumshibisha mbuzi mmoja. Lakini ulikuwa na baa. Baa yenyewe ilisimama kwenye pembe, kando ya goli la chini, karibu na mstari kiasi kwamba mchezaji aliyekwenda kurusha mpira aliwaomba radhi kwanza waliokuwa wameketi. Upande wake wa mbele haukuwa na ukuta. Ulikuwa na milango ya kukunja, na milango hiyo ilipofunguliwa asubuhi, sakafu nyekundu ya saruji ilibaki ikitazamana na uwanja uso kwa uso. Mteja akinyoosha miguu, viatu vyake vilikuwa hatua moja tu kutoka kwenye mchezo.

Mwenye dhamana ya uwanja alikuwa fundi cherehani wa miaka sitini na mitatu, ambaye watu wote walimwita Fundi, kana kwamba hapakuwa na fundi mwingine duniani. Hakunywa pombe, hakuvaa shati lisilopigwa pasi, na hakuweza kumvumilia mtu anayesema "kama mita tatu hivi". Kwake yeye, kitu ama kilikuwa mita tatu au hakikuwa. Utepe wake wa kupimia, wa sentimita mia na hamsini, ulining'inia shingoni tangu alfajiri hadi wakati wa kulala, na mkewe alipenda kuwaeleza wageni kwamba hata siku ya harusi aliuvua baada ya kubembelezwa sana.

Mwenye baa alikuwa mdogo wake huyo mke. Hivyo basi, Fundi na mwenye baa walikuwa mashemeji, na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, yaani bila huruma.

Jumatatu moja, siku chache kabla ya msimu kuanza, ilikuja barua kutoka ofisi ya ligi. Kila klabu ilitakiwa kujaza fomu na kueleza urefu na upana wa uwanja wake. Jumamosi, siku ya mechi ya kwanza, mkaguzi angekuja kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Klabu ambayo ingeandika maelezo ya uongo ingefungiwa uwanja kwa msimu mzima, na mechi zake zote za nyumbani zingechezwa kwenye uwanja wa kiwanda cha vigae.

Kiwanda cha vigae kilikuwa mbali, njia yake ilikuwa vumbi tupu, na watu wa huko walikuwa na tabia ya kushangilia hata mpira ukitoka nje. Hakuna shabiki ambaye angefunga safari hiyo mara mbili. Fundi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliuzoea uwanja ule wa karibu na baa tangu alipokuwa beki wa kushoto mwenye magoti mazima. Alijua pia kwamba timu isiyo na watu wa kuitukana pembeni hufa kimyakimya, bila hata tangazo.

Kwa hiyo aliketi mbele ya kamati, akavaa miwani, akaandika kwa mwandiko wa kulala: "Urefu: mita mia moja. Upana: mita sitini kamili." Neno "kamili" akalipigia mistari miwili. Kisha akatia saini, akabandika stempu.

"Fundi," akasema Kocha, mtu mpole mwenye filimbi ambayo hakuthubutu kuipuliza kwa nguvu, "si tungepima kwanza ndipo tuandike?"

"Mteja akitaka suruali ya inchi arobaini, naandika arobaini. Kisha nashona arobaini. Umewahi kuona nikishona kwanza halafu namuuliza amenenepa kiasi gani?"

Kocha hakuwahi kuona. Fomu ikapelekwa posta.

Ijumaa mchana wakaenda kuchora mistari, maana ile ya zamani ilikuwa imefutwa na mvua. Urefu haukuwa na taabu: magoli yalikuwa ya chuma, yamesimikwa kwenye zege, na umbali kati yake ulijulikana tangu zamani. Mstari mmoja wa pembeni nao ulikuwa na mahali pake, chini kabisa ya ukuta wa karakana ya magari. Kilichobaki kilikuwa kutoka ukutani hapo, kwenda mita sitini upande wa baa, na kuchora mstari wa pili.

Kocha alisema angeweza kuazima tepu ndefu karakana. Fundi alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Utepe huu umepima viuno vya watu wote unaowaona hapa. Shika mwanzo wake, usitikisike."

Sitini kugawa kwa moja na nusu ni arobaini. Wakaanza. Kocha alishika mwanzo wa utepe, Fundi akaunyoosha hadi mwisho, akapiga magoti, akachora alama kwa chaki yake ya bapa ya kushonea, akahesabu kwa sauti ya mwalimu wa gwaride: "Moja!" Kocha akasogea hadi kwenye alama. "Mbili!" Jua liliwaka, jasho likawatiririka, nao wakaendelea. Kila utepe ulipofika mwisho, mkono wa kulia wa Fundi, ambao ulikuwa umefanya kazi hiyo kwa miaka arobaini na mmoja, ulisogea mbele kidogo kabla ya kuchora. Yeye mwenyewe hakuuona, kama vile mtu asivyoona anavyopepesa macho.

Alama ya thelathini na tisa ilichorwa mbele ya milango ya baa, karibu kabisa na sakafu. Fundi akapiga moyo konde. Akaingia kwa magoti, utepe mkononi, akapita kati ya stuli mbili, akamgusa mguuni Mstaafu wa Posta, mzee aliyekuwa na meza yake ya kudumu karibu na friji.

"Samahani. Inua huo mguu."

Mstaafu akauinua bila kuuliza. Miaka thelathini na tano ya kupanga barua ilikuwa imemfundisha kutoshangaa.

"Arobaini!" akatangaza Fundi, akachora alama kwenye saruji, hatua moja kamili ndani ya baa.

Kule nyuma ya kaunta, shemeji yake aliacha kufuta glasi.

"Shemeji! Miaka ishirini nakukaribisha humu unakataa, leo umeingia kwa magoti?"

"Sijaingia baa," akajibu Fundi, akijipangusa vumbi kwa hadhi yote aliyoweza kuikusanya. "Mimi nimo uwanjani. Wewe ndiye uliyeingia uwanjani, na friji yako."

"Baa hii aliijenga marehemu baba. Ulikuwepo. Wewe ndiye uliyemshikia kamba!"

"Basi niliishika vibaya. Nilikuwa natafuta mke siku hizo, sikuwa na akili timamu."

Baa nzima ikaangua kicheko. Kocha, ambaye alikuwa amebaki nje, aliita kwa sauti ya kuomba radhi.

"Fundi, hebu njoo usimame hapa. Ukitazama vizuri, goli halipo katikati. Limesogea kwenye karakana."

Fundi akatoka, akasimama, akatazama, akafumba jicho moja.

"Nguzo hizi zilisimikwa na watu waliotoka humo ndani," akasema, akionyesha baa kwa kidole gumba. "Ulitegemea nini?"

"Tungepima tena..."

"Utepe huu haujasema uongo kwa miaka arobaini na mmoja. Lete chokaa."

Gunia la chokaa lilikuwa moja, la mwisho. Likamwagwa lote. Mstari mweupe ukatoka upande wa goli la juu ukiwa umenyooka kama mkunjo wa suruali mpya, ukapita uwanja wote, ukapanda sakafuni, ukapita chini ya meza tatu, ukaishia kando ya friji, mahali ulipokutana na mstari wa goli. Hapo ndipo ilipokuwa kona ya nne. Kibendera kilisimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga. Shemeji aliuliza kama wachezaji wangevua viatu wakiingia, kwa kuwa alikuwa amepiga deki.

Jioni timu ilikuja kufanya mazoezi. Winga wa kushoto, kijana mwenye miguu mirefu na mawazo mafupi, aliambiwa apige kona. Alikwenda akaitazama, akarudi kumwuliza Kocha kama ni yeye tu anayeiona pale. Alipohakikishiwa, akauweka mpira kati ya kreti na mguu wa meza. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya kukimbilia, ilimbidi aanzie nyuma ya kaunta.

Mpira wa kwanza uligonga feni ya darini, ukarudi, ukafagia meza ya Mstaafu. Wa pili uligonga nguzo ya mlango, ukamkuta Mstaafu mwenyewe, naye akaupiga kichwa kwa ustadi ambao haukutarajiwa. Wa tatu ulitoka vizuri, ukapinda, ukaingia golini moja kwa moja, kwa sababu golikipa alikuwa amekaa chini akicheka huku ameshika mbavu.

"Mnaona?" akasema Fundi. "Kona hii ni silaha."

Habari hizo zilifika nyumbani kabla yake. Alipoketi kula, mkewe alimwekea sahani mbele, akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Mume wangu, nasikia siku hizi unaonekana baa."

"Uwanjani."

"Nasikia ulikuwa chini ya meza."

"Nilikuwa napima!"

"Ungepima tena, kwa utulivu."

"Utepe wangu haujawahi kusema uongo."

"Mimi sijausema utepe," akajibu mkewe, akaenda zake jikoni, akimwacha Fundi na chakula kilichoanza kupoa.

Jumamosi, saa saba mchana, mkaguzi akafika. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, viatu vyake vimeng'arishwa, faili kwapani, na katika mkoba wa ngozi alikuwa na tepu ya chuma iliyolia kama nyoka ilipofunguliwa. Hakucheka na mtu. Fundi alimpenda papo hapo, kwa kuwa aliona mtu wa aina yake.

Timu ya wageni ilikuwa bado njiani, na mechi ilipangwa kuanza saa kumi. Hata hivyo watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, maana habari za kona zilikuwa zimeenea. Shemeji alikuwa ametandika meza zake zote sita vitambaa vyeupe, kwa heshima ya ligi.

Mkaguzi alitembea akihesabu vibendera. "Kimoja. Viwili. Vitatu." Akasimama, akageuka huku na huku. "Cha nne kiko wapi?"

"Ndani, bwana mkubwa," akasema Mstaafu wa Posta. "Karibu, usiogope."

Mkaguzi akaingia. Akatazama mstari mweupe uliopita chini ya kitambaa cha meza. Akatazama ndoo. Akamtazama Mstaafu, ambaye kiti chake kilikuwa upande wa ndani wa mstari kwa miguu yote minne.

"Huyu aliyeketi uwanjani ni mchezaji?"

"Nimestaafu," akajibu Mstaafu.

Mkaguzi aliandika jambo. Kisha akaomba watu wawili, akanyoosha tepu yake ya chuma kutoka ukuta wa karakana hadi kwenye ndoo, akainama, akasoma, akairudia kazi hiyo tena, akafungua faili.

"Fomu inasema mita sitini, kamili, na kamili imepigiwa mistari miwili. Tepu inasema mita sitini na mbili na sentimita tatu. Mojawapo inasema uongo, na tepu haikutia saini."

Palepale, kwa mara ya kwanza, Fundi aliuona uwanja wa kiwanda cha vigae kwa macho ya mawazo: vumbi, jua, na timu yake ikicheza mbele ya mtu mmoja aliyepotea njia.

"Nani alipima?" akauliza mkaguzi.

Kocha akapiga hatua mbele. "Mimi ndiye niliyeshika mwanzo wa utepe, bwana. Huenda nilisogea."

Lilikuwa tendo la kiungwana, na lilikuwa la uongo, kwa sababu Kocha hakuwahi kusogea bila kuamriwa. Fundi alijua hivyo. Vilevile alijua kwamba akinyamaza tu, jambo lingekwisha hapo, na lawama ingekaa juu ya mabega ya Kocha, ambayo yalikuwa yamezoea.

"Hakusogea," akasema Fundi. "Niliyepima ni mimi."

"Basi pima tena, nione."

Wakarudi ukutani. Mkaguzi aliilaza tepu ya chuma chini, na Fundi akapima kando yake. Alinyoosha utepe, akapiga magoti, akachora. "Moja!" Akasogea. "Mbili!" Watu walikuwa wamemzunguka, na kila alama ilipochorwa kulitokea mnong'ono. "Tatu!"

"Shemeji," akasema mwenye baa, na safari hii hapakuwa na utani katika sauti yake. "Tazama mkono wako."

Fundi akautazama. Mwisho wa utepe ulikuwa pale, umekaa kwa adabu kwenye sentimita yake ya mia na hamsini. Chaki ilikuwa mbele yake. Akaweka vidole katikati ya vitu hivyo viwili, ingawa hakuhitaji. Zilikuwa inchi mbili.

Aliketi chini, mavumbini, na shati lake lililopigwa pasi.

"Nimeacha pindo," akasema.

"Umeacha nini?" akauliza mkaguzi.

"Nafasi ya mshono. Ukipima kitambaa, huwezi kukata pale pale kipimo kinapoishia. Unaongeza inchi mbili ili upate pa kushona. Nimeongeza inchi mbili mara arobaini." Akaukunja utepe. "Nimeupima uwanja kama suruali."

Mkaguzi alifungua kitabu kidogo cha kanuni, akakisoma kwa muda mrefu usiostahimilika.

"Maelezo ya uongo, uwanja unafungwa," akasema hatimaye. "Kosa la kipimo, aliyelitenda akilikiri kwa maandishi, akayasoma mbele ya wanachama, na kosa likarekebishwa kabla ya filimbi ya kwanza, uwanja unabaki. Una mpaka saa kumi."

Akampa fomu na kalamu. Fundi aliandika kwa ule mwandiko wake wa kulala, ambao sasa ulilala zaidi. Kisha akasimama, akakohoa, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: yeye, fundi mwenye uzoefu wa miaka arobaini na mmoja, ameupima uwanja wa mpira kwa utepe wa nguo na kuuongezea pindo kwa mkono wake mwenyewe bila kujua.

Walicheka hadi wengine wakalazimika kushikiliwa. Fundi alijikaza, akakunja karatasi, akaisubiri fedheha ipite kama mtu anavyosubiri gari moshi. Lakini katikati ya kicheko, Mstaafu wa Posta aliinua mkono.

"Ngojeni. Ngojeni kwanza. Fundi, unaponipima kiuno, mkono unafanya hivyohivyo?"

Fundi akafikiri. Alikuwa mtu mkweli, na siku hiyo ilikuwa imekwisha kuharibika.

"Bila shaka."

"Na ukienda kukata kitambaa, unaongeza tena?"

"Kukata lazima niongeze."

Mstaafu akasimama. Akaishika suruali yake kiunoni, akaivuta mbele, na kila mtu akaona kwamba mle ndani kungeweza kukaa gazeti zima la Jumapili.

"Miaka saba!" akapiga kelele. "Miaka saba nimejiona nakonda! Nimekwenda kwa daktari mara nne! Amenipa dawa ya hamu ya kula! Nimekula, jamani, nimekula kama nalipwa, na suruali bado zinanivuka!"

Wanaume kumi na wawili, kwa wakati mmoja, wakashika mikanda yao. Mmoja wao alisema kwa unyonge kwamba yeye alikwisha kuandika wosia.

"Mtanipiga baadaye," akasema Fundi. "Sasa hivi nahitaji chokaa."

Chokaa ilikuwa imekwisha, na duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefungwa tangu saa sita. Walijaribu kuizoa ile ya zamani kwa ufagio, wakapata nusu ndoo ya udongo wa rangi ya majivu. Saa nane na robo ikagonga. Kocha alishika tama. Mstari wa mita mia moja ulihitaji kuchorwa, na hawakuwa na kitu cheupe isipokuwa meno ya winga.

Fundi alisimama mbele ya baa akitazama ndani, mikono nyuma. Aliitazama meza ya kwanza. Akaitazama ya pili.

"Shemeji," akasema taratibu. "Hivyo vitambaa ni vya upana gani?"

"Usithubutu."

"Mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kwa kukadiria tu."

"Wewe? Kukadiria? Kweli dunia imekwisha!" Mwenye baa alikumbatia kaunta kana kwamba nayo ingekatwa. "Hivi nimevitandika leo! Leo asubuhi! Hata tone moja halijamwagika!"

"Wakituhamishia kiwandani, utamtandikia nani?"

Shemeji alimtazama. Akautazama uwanja, akawatazama wateja wake, ambao wote walikuwa watu wa mpira na ambao Jumamosi wangekwenda huko mpira ulikokwenda, au wangebaki nyumbani wakinuna. Akatoa pumzi ndefu. Akatandua kitambaa cha kwanza mwenyewe, akanyanyua mkasi wa kukatia vifuko vya barafu.

"Upana gani?"

"Sentimita kumi na mbili. Vipande kumi na viwili kila kitambaa."

Mabeki wawili walikimbia dukani kwa Fundi wakarudi na cherehani, mmoja ameshika kichwa na mwingine miguu. Ikawekwa katikati ya uwanja, kwenye duara la kuanzia mpira. Winga akaleta kutoka huko hanga zote za waya za kutundikia nguo. Kocha akazikata na kuzikunja ziwe vigingi vya kubana kitambaa chini. Fundi akaketi, akatia uzi, akaanza kukanyaga.

Kipande cha kwanza na cha pili vikaungana. Kocha akavivuta kidogo kuvinyoosha, vikaachana. Fundi akashona tena, vikaachana tena. Shemeji akaja, akainama, akaona mshono uliopita ukingoni kabisa, wa woga, usio na hata uzi mmoja wa kushikilia.

"Jamani, shemeji! Uwanja mzima umeupa pindo, sasa kitambaa ndicho unakinyima?"

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mashine ililia, mkasi ukalia, na utepe mweupe ukatambaa kutoka kwenye duara kuelekea goli la juu, kisha kuelekea goli la chini. Mstaafu wa Posta alijipa kazi ya kupanga vipande kwa mpangilio, kama barua. Wateja wengine walipiga deki mstari wa baa hadi sakafu ikarudi kuwa nyekundu, wakaitoa ndoo na kibendera nje. Wageni waliposhuka kwenye gari lao saa tisa na nusu, walimkuta mzee anashona katikati ya uwanja, mkaguzi amesimama nyuma yake kama mteja mwenye haraka. Walirudi garini kuhakikisha kwamba wamefika penyewe.

Saa kumi kasoro dakika sita, kigingi cha mwisho kikazamishwa ardhini. Fundi aliomba aazimwe tepu ya chuma. Alipima kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliutia mfukoni, na kwa usalama zaidi akamwomba Kocha aushikilie humo humo. Kisha mkaguzi naye akapima. Akapima tena. Akachuchumaa, akasoma, akasimama.

"Mita sitini."

"Kamili?" akauliza Fundi.

Mkaguzi alisita. Yamkini hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu aliyelitaka jibu kwa dhati namna ile.

"Kamili," akasema, akatia saini.

Kelele zilizopigwa ziliwafikia hata watu wa kiwanda cha vigae, au ndivyo walivyodai waliozipiga. Filimbi ikalia saa kumi kamili.

Kuhusu mechi yenyewe, hapana mengi ya kusema. Nusu ya wachezaji wa nyumbani walikuwa na vidole vilivyochomwa na waya, na mabeki wawili walikuwa hoi kwa kubeba cherehani. Beki mmoja wa wageni alinasa mguu kwenye mstari, akakimbia nao hatua tano, na mwamuzi akasimamisha mchezo hadi uwanja urudishwe upana wake. Winga alipata kona tatu. Zote alizipiga juu angani, akilalamika kwamba amekwisha kuzoea kuwa na dari. Wageni walipata nafasi nne na wakazitumia zote nne.

Mchezo ulipokwisha, Kocha alimkuta Fundi ameegemea ukuta wa karakana, shati limelowa jasho, utepe hauko shingoni. Alikuwa akitabasamu.

"Manne, Fundi," akasema Kocha. "Manne bila!"

"Nimeyaona."

"La tatu, golikipa alikuwa anafunga kamba ya kiatu!"

"Nililiona vizuri. Nilikuwa nyuma ya goli."

"Sasa unachotabasamia ni nini?"

Fundi aliwatazama watu waliokuwa wamejaa pembeni, wote wakimtukana golikipa kwa jina la utani, kwa pamoja, bila kuchoka. Akamtazama na shemeji yake, aliyekuwa akipita kati ya meza zake tupu zisizo na vitambaa, akitukana kuliko wote.

"Wametufungia wapi?" akauliza.

"Si hapa hapa? Mbele ya macho yetu!"

"Basi," akasema Fundi, akajiondoa ukutani, akaenda kuungana nao.